Kitufe Hakina Makazi ya Kudumu

Kuna watu wanaoamini kwamba kitufe cha kompyuta kina makazi ya kudumu. Wanakipimia pikseli 1,100 kutoka kushoto na 600 kutoka juu, wanakisimika hapo, wanapokea malipo na kuhamia Mwanza. Matanga wanatuachia sisi wa Musoma.

Mimi nimeachiwa ya mfanyabiashara mmoja mwenye duka la pembejeo Bunda, ghala Butiama na ofisi hapa Musoma, barabara ya Mukendo. Alitengenezewa programu ya mauzo na kijana ambaye siku hizi simu yake haipatikani. Programu yenyewe ni ya Java na hesabu zake ni safi, sina ugomvi nazo. Ugomvi wangu ni mstari mmoja tu: setLayout(null). Tafsiri yake kwa lugha ya ofisini ni kumwachisha kazi msimamizi wa mpangilio. Java imekuja na wasimamizi hao tangu toleo lake la kwanza, mwaka 1996. Wao huangalia dirisha lina ukubwa gani, wakaviuliza vitu vilivyomo vinahitaji nafasi kiasi gani, kisha wakagawa. Kijana akaona wanamchelewesha. Akavipanga mwenyewe kimoja kimoja, na kwenye kompyuta yake vikapendeza kweli.

Lakini bosi hakuuziwa kompyuta ya kijana. Anazo zake tatu, na hakuna mbili zinazofanana. Mhasibu wa Musoma ana laptop ya pikseli 1366 kwa 768. Bunda kuna mashine kuukuu ya mezani, skrini yake 1024 kwa 768. Butiama wamefunga televisheni kubwa ukutani ghalani, kwa sababu mtunza ghala alisema macho yake hayapati herufi ndogo, na kwa sababu jioni kuna mpira.

Simu ya kwanza ilitoka Bunda, kwa dada wa kaunta.

“Kaka, kitufe cha kuhifadhi hakipo.”

“Kipo, dada.”

“Kiko wapi?”

“Upande wa kulia, nje ya skrini.”

Akanyamaza kidogo. “Nje wapi, kaka? Kule stendi?”

Nikafahamu baadaye kwamba alikuwa amejitafutia dawa. Anabonyeza Tab mara tisa, halafu spesi, na mauzo yanahifadhiwa na kitufe ambacho hajawahi kukiona kwa macho. Siku anapoitwa na mteja katikati ya hesabu akaishia mara nane, spesi inamwangukia “Futa”.

Mhasibu wa Musoma naye aliomba maandishi yakuzwe. Maandishi yakakua, visanduku vyake vikabaki na vipimo vilevile vya kijana, na Java, ikikosa pa kumalizia neno, huweka nukta tatu. Kwa hiyo “Kiasi kilicholipwa” kikawa “Kiasi kilicho...” na “Kiasi kilichobaki” nacho kikawa “Kiasi kilicho...”. Wadaiwa wote wa bosi wameshasikia habari hizi na wanaombea zisirekebishwe.

Butiama hakikupotea kitu. Kila kilichomo kilijikunyata pembe ya juu kushoto, na televisheni nzima iliyobaki ikawa kijivu kitupu. Mtunza ghala akaniuliza, “Mura, huku kwingine kuna nini?” Nikamwambia hakuna kitu, mzee. Akatikisa kichwa. “Eneo lote hili, na mtu analalamika hana nafasi.”

Basi nikamrudisha kazini msimamizi wa mpangilio, na hapo ndipo kazi ilipoanza, maana wasimamizi ni wengi na kila mmoja ana tabia zake. FlowLayout hupanga vitu kwa mstari mmoja, na mstari ukijaa huvishusha chini. Inasikika kama busara. Lakini ukimweka juu ya dirisha, ataomba kimo cha mstari mmoja tu, halafu ashushe mstari wa pili mahali ambapo hakuomba. Bosi alipoagiza vitufe vitatu zaidi, dada wa Bunda akanipigia kwa furaha: “Kaka, leo nimekiona! Nimekiona utosi.”

Mhasibu akashauri usawa: vitufe vyote vilingane, kimoja kisijione mkubwa. Huyo ni GridLayout. Anagawa dirisha vyumba vilivyo sawasawa, na kila kitu hujaza chumba chake chote. Usawa tukaupata. “Futa” kikawa na ukubwa uleule wa “Hifadhi”, bega kwa bega, na mtunza ghala, kwa macho yake yale, anachagua kwa kubahatisha.

Kuna pia GridBagLayout, anayeweza kupanga chochote mradi umjazie fomu. Kila kitu unachomkabidhi kina mambo 11 ya kueleza: safu, mstari, upana wa vyumba, kimo cha vyumba, uzito wa kutanuka kwa upana, uzito wa kutanuka kwa kimo, upande wa kuegemea, namna ya kujaza, nafasi ya pembezoni, na nyongeza mbili za ndani. Usipotaja uzito, yeye husoma sifuri, na uzito wote ukiwa sifuri, kila kitu hukusanyika katikati ya dirisha. Nafasi ikipungua hata kidogo, masanduku ya kuandikia husinyaa ghafla yakabaki nyufa. Nimewahi kuona mtu akiandika milioni nne na nusu ndani ya ufa, akisoma tarakimu moja moja kwa imani.

Bosi wakati wote huo alikuwa ananiuliza swali moja: kwa nini nisichukue rula? Hapo ndipo mimi na wateja wangu tunapopishana. Wao wanataka kuambiwa kitu kitakaa wapi. Msimamizi wa mpangilio hataki kusikia habari za wapi. Anataka kujua nani jirani ya nani, nani atanuke nafasi ikipatikana, nani asiguswe hata dunia ikisinyaa. Ukimpa kanuni hizo, atazitekeleza Bunda kwenye skrini mbovu na Butiama kwenye televisheni bila kukupigia simu.

Nikaona nimweleze bosi kwa BorderLayout, mwenye sehemu tano. Nikamwambia auone mkoa wetu wa Mara: kaskazini Tarime na Rorya, mashariki Serengeti, magharibi Musoma na ziwa lake, kusini Bunda, katikati Butiama. Wa juu na wa chini hutanuka kwa upana, kimo chao hakiguswi. Wa pembeni hurefuka lakini hawanenepi. Nafasi yote inayobaki ni ya katikati.

Bosi, mzaliwa wa Butiama, akatabasamu. “Hiyo ni haki kabisa. Mwalimu alitoka wapi?”

Nikamwonya kwamba ukiweka vitu viwili sehemu moja kitaonekana cha mwisho tu. Cha kwanza kitatoweka, na hakuna kosa litakaloripotiwa.

“Ndiyo maana mwaka 2012 tulimegwa kutoka Musoma Vijijini tukapewa wilaya yetu,” akasema, na kikao kikahamia kwenye siasa mpaka saa ya chakula.

Nikakaa chini nikapanga. Nje BorderLayout. Katikati yake jedwali la mauzo, ndilo linalokula nafasi yote. Chini vitufe, na “Futa” nikakitenga mbali na wenzake. Magharibi fomu ya mteja, humo ndani GridBagLayout na fomu zake zote zimejazwa, uzito umetajwa. Nikaiamuru pack, dirisha likajipima lenyewe kwa mahitaji ya vilivyomo. Bunda kitufe kikaonekana kizima. Musoma kilicholipwa kikatofautiana na kilichobaki, na wadaiwa wakaanza kupokea simu. Butiama jedwali likajaa ukuta mzima.

Siku ya malipo bosi akafungua programu mbele yangu. Akapanua dirisha, akalipunguza, akalipanua tena. Kila kitu kikasogea kwa adabu.

“Sasa hapa umebadilisha nini?” akaniuliza. “Mbona naona vitufe ni vilevile?”

Nikamweleza kwamba mpangilio mzuri hauonekani, unaoonekana ni ule mbovu tu. Akanisikiliza kwa upole wote, kisha akasema yeye halipii kitu kisichoonekana, labda niongeze kitu. Akanitumia picha yake mwenyewe, amesimama ndani ya shamba la pamba na kofia pana. Nikaibandika kaskazini ya dirisha kwa mistari miwili ya msimbo, nikaandika ankara: “Picha, pamoja na ufungaji.” Bei niliyoweka ni ileile ya kazi yote. Alilipa hapo hapo, akaniuliza kama kusini hakuna nafasi ya nyingine.