Kopo la Blue Band na Mali ya Mjerumani

Nyanda za Juu Kusini zina baridi, zina viazi, zina watu wanaosalimiana mpaka basi linawaacha. Kitu ambacho hazina ni mahali pa kuchutama peke yako ukaachwa. Chutama popote kati ya Uyole na Ipogolo, hata kama unafunga kamba ya kiatu, na kabla hujasimama utakuwa umeshaulizwa umepoteza nini, ni cha shilingi ngapi, na kama usaidiwe kutafuta. Ndiyo maana sikumwelewa mpwa wangu alipotuletea mchezo ambao kazi yake kubwa ni kuchutama kimya kimya bila mtu kukuona.

Mchezo wenyewe unaitwa jiokashingi. Mtu anaficha kopo, anachukua koodineti zake kwa GPS, anazitangaza kwenye intaneti, na wenzake dunia nzima wanaruhusiwa kuacha shughuli zao waende kulitafuta. Ukilipata unasaini kidaftari kilichomo. Ukichukua kitu, unaacha kitu cha thamani ileile. Kisha unalirudisha palepale ulipolikuta na kwenda zako nyumbani. Niliuliza kama hakuna zawadi. Hakuna. Niliuliza kama hakuna hata posho ya nauli. Mpwa wangu akanitazama kwa huruma.

Wa kulaumiwa ni Wamarekani. Mpaka mwaka 2000 walikuwa wanaivuruga makusudi ishara ya GPS inayotumiwa na raia, ukiitegemea unaweza kukosea kwa mita mia hivi. Mei 2 mwaka huo wakaacha kuivuruga. Kesho yake tu, Mei 3, bwana mmoja aitwaye Dave Ulmer akaenda kuficha ndoo porini karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, ndani yake kaweka vitabu, programu za kompyuta, manati na kopo la maharage. Yaani serikali imerusha satelaiti kwa mabilioni ya dola, zimeanza kufanya kazi sawasawa kwa mwananchi, na jambo la kwanza mwananchi analofikiria ni maharage. Siku hizi kanuni zinakataza kuweka chakula, kwa sababu wanyama nao wanatafuta na wao hawahitaji simu.

Mpwa wangu anasema mchezo una namna nyingi za kuufurahia, kila mtu achague yake. Amejitolea kunionyesha zote, na mimi nimejitolea kulalamika.

Alianza na ile anayoiita ya asili: kopo moja, koodineti moja, nenda. Alichukua kopo la Blue Band, akalizungushia plasta nyeusi na kulisukumia chini ya mizizi ya mti huko juu upande wa mlima Loleza, baada ya kumwomba ruhusa mwenye shamba kama kanuni zinavyotaka. Mimi nikapewa koodineti na kuambiwa niende peke yangu. Simu ikanifikisha vizuri hadi karibu na mti, halafu ikaanza ubabaishaji. Mara mita nne, mara kumi na moja, mara nimeshapita. Chini ya majani mazito GPS inapoteza msimamo kama mgombea wa udiwani. Nikachutama.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mwenye mzigo wa kuni kichwani.

"Ugonile, baba. Umepoteza nini?"

"Natafuta kopo, mama."

"Kopo la nini?"

"La Blue Band."

Akautua mzigo. "Kwani madukani yamekwisha?"

Wenzetu wenye mchezo wao wamewapa jina watu wasiocheza, wamelitoa kwenye riwaya za Harry Potter, na wanashauri kwamba ukiwaona hao wanakaribia ujifanye unatazama ndege au unaongea na simu. Nikajifanya naongea na simu. Mama akasubiri nimalize. Wakaja watoto wawili waliotumwa dukani, akaja kijana wa bodaboda akazima pikipiki kabisa, na nyuma yao akaja mzee mmoja mwenye koti zito na kofia ya pama, ambaye hakuuliza chochote. Aliisogelea simu yangu, akaiangalia ile mishale inayozunguka, kisha akaninong'oneza:

"Hicho ndicho kipimo?"

Hapo nikajua tumefika kwa Wajerumani. Hakuna kilima kutoka Mbeya hadi Iringa ambacho hakina mtu wa kukuapia kwamba Mjerumani alipokuwa anaondoka alizika mali chini yake. Wengine wanataja dhahabu, wengine rupia, na jiwe lolote lenye alama ya msumeno linatosha kuwa ushahidi. Bahati mbaya uongo huu umechanganyika na ukweli kidogo: mwaka 1916 Wajerumani walipiga kweli sarafu za dhahabu kule Tabora, za rupia 15, zenye picha ya tembo. Lakini mzee wangu, tutazame kalenda. Majeshi ya Waingereza ya Jenerali Northey yalivuka kutoka Nyasaland mwezi Mei 1916, yakaichukua Tukuyu mwezi huohuo, na Agosti yakawa yameshaingia Iringa. Mtu anayekimbizwa kwa kasi ile anapata wapi nafasi ya kuchimba shimo, kulipanga vizuri, kulifukia na kupanda mti juu yake? Kama ni dhahabu, ilikuwa inalala yenyewe huko Lupa, Chunya, ikachimbwa mchana kweupe, na ndiyo iliyofanya mji huu wa Mbeya uanzishwe miaka ya 1920. Haikufichwa na mtu.

Maneno hayo yote nilimwambia mzee. Akanijibu kwamba babu yake aliwabebea mizigo.

Kopo aliliona mtoto mmoja. Likafunguliwa mbele ya hadhara. Mlikuwa na kidaftari, penseli fupi, kifungo cha shati na shilingi hamsini. Mzee akaitazama ile hamsini, akanitazama mimi, akatikisa kichwa taratibu kwa namna ya mtu aliyezoea kudanganywa na watu wa mjini. "Hii ni ya juu juu," akasema. "Ya chini umeiacha." Mimi nilisaini kidaftari, maana kusaini ndiko kunakofanya uhesabiwe kwamba umelipata. Kijana wa bodaboda naye akasaini, na namba ya simu akaweka.

Mpwa wangu alipokwenda kukagua wiki iliyofuata alikuta mizizi imechimbuliwa pande zote. Kopo halikuwepo. Nina imani limewekwa chumvi kwenye jiko fulani, na kwa kweli hiyo ni kazi bora kuliko ile aliyolipa yeye.

Namna ya pili sina muda nayo. Ni ya wakusanya hesabu, watu ambao furaha yao ni idadi tu. Kanuni zinataka makopo yapishane angalau mita 161, basi huko ughaibuni kuna barabara wameyapanga kwa umbali huohuo, mtu anashuka kwenye gari, anasaini, anapanda, anashuka tena, jioni anajisifu kwa maelfu aliyonayo. Sisi nafasi hiyo hatuna. Tembea mita 161 popote kuelekea Mwanjelwa uone kama hujakutana na kijiwe cha bodaboda, muuza parachichi na mtu anayekudai.

Isitoshe, kutafuta kwetu ni maisha, hatujafika mahali pa kukufanya burudani. Mwaka 2022 serikali ilifanya operesheni ya anwani za makazi, mitaa ikapewa majina, nyumba zikapewa namba, na kwangu kibao kipo, kinasomeka vizuri. Juzi nimemwita fundi bomba nikamtajia mtaa na namba. Akanyamaza kidogo, halafu akauliza: "Ni karibu na nini?" Nikamwelekeza apite kanisani, ashuke hadi kwenye mparachichi, aulize. Akafika.

Namna ya tatu ndiyo iliyonitoa fedha. Hii ni ya mafumbo na vituo: unafika mahali, unajibu swali, jibu linakupa koodineti za mahali pengine, na pengine panakupa pengine. Mpwa wangu anasoma Iringa, kwa hiyo fumbo lake alilipanga Iringa, na mimi mjomba mtu nikapanda basi alfajiri kutoka Mbeya, magoti yamebanana na kiti cha mbele, zaidi ya kilomita mia tatu kwenda kutafuta kitu kisicho na zawadi.

Kituo cha kwanza kilikuwa jiwe la Gangilonga, juu ya mji, jiwe ambalo jina lake linamaanisha kwamba linaongea. Inasimuliwa kwamba Mtwa Mkwawa wa Wahehe alikuwa akienda pale kutafakari. Siku hiyo palikuwa na vijana wanaopiga picha na wapendanao waliokerwa kuniona. Swali la mpwa wangu lilihusu miaka, nami nikakaa juu ya jiwe kupiga hesabu. Agosti 1891 Wahehe walilivunja jeshi la Mjerumani Zelewski pale Lugalo. Oktoba 1894 Wajerumani wakaiangusha ngome ya Kalenga kwa mizinga. Tangu hapo Mkwawa akawa porini mpaka Julai 1898. Karibu miaka minne! Waliomtafuta walikuwa na ramani, walikuwa na bunduki, na walitangaza rupia 5,000 kwa atakayewafikisha, na bado hawakumpata akiwa hai. Alijipiga risasi mwenyewe kule Mlambalasi. Mpwa wangu anapojisifu kwamba kopo lake moja halijaonekana tangu Pasaka, huwa namwambia atafute kwanza saizi yake.

Kituo cha pili Kalenga, kwenye makumbusho. "Kamwene," nikasalimia, nikaitikiwa "kamwene," tukaendelea hivyo kwa muda wa kutosha, maana Uheheni salamu haina haraka. Hapo ndipo lilipo fuvu la Mkwawa, na hapo ndipo nilipoona kwamba kuna watu waliwahi kutafuta kitu cha maana. Kichwa kilipelekwa Ujerumani. Mkataba wa Versailles wa 1919, katika ibara ya 246, uliitaka Ujerumani ilikabidhi fuvu hilo ndani ya miezi sita. Miezi sita ikapita, miaka ikapita, vita vingine vikapiganwa vikaisha. Mwaka 1953 Gavana Twining wa Tanganyika akaenda mwenyewe Bremen, kwenye jumba la makumbusho lenye mafuvu yapatayo elfu mbili. Wakayatenga yaliyotoka Afrika Mashariki, wakayapima na kuyalinganisha na vipimo vya ndugu wa ukoo, wakachagua moja. Mwaka 1954 likakabidhiwa kwa Chifu Adam Sapi Mkwawa, mjukuu wake, yule aliyekuja kuwa Spika wa Bunge letu.

Mpwa wangu, kwa akili yake ya kitoto, aliichukua hiyo 246, akaniagiza niigawe, niijumlishe na mwaka, nipate koodineti za kituo cha mwisho. Alinipigia simu kunihimiza kwamba nachelewa. Nikamjulisha kwamba nchi nzima ya Ujerumani ilipewa miezi sita ikatumia miaka thelathini na mitano, sembuse mimi na kalamu isiyotoka wino.

Koodineti za mwisho zilikuwa za Isimila. Isimila, kwa asiyejua, iko kilomita ishirini hivi kutoka Iringa mjini, kando ya barabara ya Mbeya. Basi lililonileta lilipita palepale njia panda, mimi nimo ndani nikichungulia dirishani. Nikarudi nayo barabara ileile kwa bodaboda, upepo wa Iringa ukiniingia hadi kwenye mifupa, nikashuka kwenye korongo lenye zile nguzo ndefu za udongo zilizochongwa na mvua. Chini yake kuna zana za mawe za watu wa kale, shoka za mkono, umri wake unapita miaka laki mbili. Aliyezitambulisha kwa ulimwengu wa wasomi mwaka 1951 alikuwa mwanafunzi tu wa shule, aliziona zimelala chini akaziokota.

Nikatafuta kopo. Hakuna kopo. Jibu la kituo cha mwisho lilikuwa kwenye bango la maelezo, nikatakiwa kupiga picha na kurudi.

Katika familia yetu anayeucheza kwa faida ni dada yangu, mama yake huyo kijana. Tulipokwenda Ziwa Ngozi, yeye alifika mpaka barabarani tu. Sisi tukapanda kwa tope na mianzi kwenda kuona ziwa lililokaa chini kwenye kreta, zuri sana, sikatai, ila ukilitazama kutoka juu ukingoni unakumbuka kwamba kushuka bado. Tulipotoka tumechafuka hadi kwenye nyusi, tulimkuta ana gunia la viazi vya Uporoto aliloshusha bei hadi muuzaji akaomba maji ya kunywa. Gunia tulilibeba sisi.

Imebaki namna moja, nayo nakiri ndiyo ninayoipenda: isiyo na kopo kabisa. Unakwenda mahali ambapo dunia yenyewe imeweka kitu cha kutazama, unatazama vizuri, unamtumia majibu mwenye maswali. Mpwa wangu alinipa Kimondo cha Mbozi. Tani zinazokadiriwa kufika 16, sehemu kubwa chuma, kimelala pale kwenye kilima cha Marengi, siku hizi mkoa wa Songwe. Wenyeji walikijua na kukiheshimu zamani kabla mpima ardhi mmoja hajakitangaza mwaka 1930. Kukificha haiwezekani, kukiiba haiwezekani, na ukichutama mbele yake hakuna anayekushangaa kwa sababu kila mgeni anachutama. Nilikizunguka, nikakigusa, baridi yake inapenya kiganja. Nikaona mahali walipokikata kipande kwa ajili ya uchunguzi, msumeno ulivyoacha uso laini. Nikashangaa kwamba hakuna shimo la kishindo, kana kwamba kitu hiki kilitua kwa adabu. Walipokichimbulia pembeni waliacha nguzo ya udongo chini yake, wakaiimarisha kwa zege.

Nikajibu maswali yote kwa simu, palepale, nikampelekea. Nikanunua mahindi ya kuchoma, nikapanda gari la kurudi Mbeya nikijiona nimefaulu.

Tulipofika Mbalizi ujumbe ukaingia: "Shikamoo mjomba. Swali la tatu nimeuliza upande wa mashariki, wewe umeeleza wa magharibi. Rudi ukaangalie tena."

Nimemjibu kwa kumwomba nauli. Mpaka naandika haya, tiki mbili ni za bluu.