Barua ya Wazi kwa Mheshimiwa Waziri: Tuzae Wangapi?

Kwa Waziri wa Fedha na Mipango ya Uchumi,
Kigali.

YAH: MAOMBI YA KUPEWA IDADI HALALI YA WATOTO

Mheshimiwa,

Nakuandikia kutoka Bweyeye, wilayani Rusizi. Upande mmoja tuna msitu wa Nyungwe, upande mwingine Burundi. Msitu ni hifadhi, haulimwi; Burundi ni nchi ya wenyewe. Tunabanana hapo katikati.

Sensa ya 2022 ilitukuta Wanyarwanda milioni 13.2, yaani watu 503 katika kila kilomita ya mraba. Mimi ni raia mtiifu. Nikiambiwa tumezidi nitakubali, ilimradi nijue aliyezidi ni nani. Nimeulizia kijijini, na kila mtu anamtaja jirani yake.

Kinachonitatiza ni hesabu yenyewe. Mwaka 1937 Wabelgiji waliona tumejaa mno, wakaanzisha mpango wa kuwahamishia Wanyarwanda Masisi, nchini Kongo, ng'ambo ya Ziwa Kivu. Hadi leo wajukuu wa waliohamishwa wanaulizwa kwao ni wapi. Mwaka 1981 ikaundwa ONAPO, ofisi nzima ya kushughulikia wingi wetu. Mwaka 2007 mkazungumzia kikomo cha watoto watatu kwa kila familia, kisha hao watatu wakapotelea njiani kabla ya kuwa sheria. Mwaka 2018 Rais Magufuli naye akawataka Watanzania waache uzazi wa mpango, wazae. Wachina waliamriwa mtoto mmoja mwaka 1980, wakaruhusiwa wawili 2016, na watatu 2021. Korea Kusini serikali inatoa fedha watu wazae, na bado mwaka 2023 wastani ulikuwa mtoto 0.72 kwa mwanamke. Je, mama wa Bweyeye asikilize redio ya nchi gani kabla ya kulala?

Naomba pia mwongozo kuhusu sherehe. Tangu 2005 watoto wa gorila wanapewa majina katika Kwita Izina, kwa ngoma, hotuba na wageni mashuhuri. Mtoto wa nne wa binadamu hupokewa na mjumbe wa afya, vidonge mkononi, huruma machoni. Hatuna wivu. Gorila huleta dola, wetu huleta mdomo. Tunaomba tu mtakapohesabu mdomo, mhesabu na mikono.

Kuhusu ardhi, sheria ya 2013 ilikataza kugawa shamba la kilimo likatoa vipande vya chini ya hekta moja. Tuliipokea kwa heshima zote. Wengi wetu vipande vyetu vilikuwa chini ya hekta kabla hatujagawa chochote, na watoto, wa kike kwa wa kiume, wote wana haki ya kurithi. Hakuna mtaalamu aliyetufundisha jinsi ya kurithisha kisichogawanyika kwa wanaogawana sawa.

Sasa niseme jambo la aibu, Mheshimiwa: watu wamepunguza uzazi bila kuamriwa. Mwaka 2005 mwanamke wa Rwanda alizaa kwa wastani watoto 6.1, kufikia utafiti wa 2019 na 2020, 4.1. Katika muda huo huo wanawake walioolewa wanaotumia njia za kisasa za uzazi wa mpango walipanda kutoka asilimia 10 hadi 58, na vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilishuka kutoka 152 hadi 45 kwa kila 1,000. Mama anayejua kuwa watoto wake wataishi hana haja ya kuzaa wa akiba. Kazi hiyo ilifanywa na chanjo, bima ya afya ya mituweli na sindano ya uzazi wa mpango iliyopatikana siku aliyoihitaji. Kisha lami ya barabara ya Pindura, inayotutoa msituni hadi hospitali, ikahubiri kuliko semina yoyote.

Basi tuleteeni zaidi ya hayo: dawa zisizoisha kituoni, shule inayombakiza binti darasani, na kazi isiyohitaji jembe wala shamba. Namba tutaipanga wenyewe, mume na mke, taa ikishazimwa.

Lakini kama namba ya Kigali haiepukiki, tunaomba kwanza kila mheshimiwa atakayeipigia kura aandike kwenye karatasi ya kura yeye kwao ni mtoto wa ngapi kuzaliwa. Watakaokuwa wa nne na kuendelea, tutawaombea radhi kwa niaba ya wazazi wao.

Wako katika kuzidi,
Mmoja kati ya wale 503,
Bweyeye.

Nakala: Sokwe wa Nyungwe, kwa taarifa.