Cherel Alivyoishi Kwetu Kirumba

Nyumba yetu ya Kirumba, Mwanza, ilikuwa na sebule moja na TV moja ya chogo, na jioni ikifika kila mwenye nyumba hiyo alikuwa na mahali pake pa kukaa. Bibi kwenye kochi la mbao, shangazi kwenye mkeka karibu na goti lake, baba mdogo mlangoni, mama mdogo nyuma kabisa, karibu na jiko, na sisi watoto palipobaki. Aliyetupanga hivyo ni Cherel.

ITV ilikuwa ikionyesha Isidingo, tamthilia ya Afrika Kusini iliyobuniwa na Gray Hofmeyr na kuanza kurushwa na SABC 3 Julai 1998. Hadithi yake ilizunguka mji wa mgodi wa dhahabu uitwao Horizon Deep. Kwa watu wa Kanda ya Ziwa mgodi haukuhitaji maelezo. Geita ipo ng'ambo ya maji, na karibu kila ukoo ulikuwa na kijana aliyekwenda huko kubahatisha. Mle ndani alikuwamo Nandipha, aliyeigizwa na Hlubi Mboya, msichana anayeishi na virusi vya UKIMWI, na nakumbuka jinsi sebule ilivyonyamaza kila alipotokea, maana wakati ule maradhi hayo yalitajwa kwetu kwa kunong'ona. Alikuwamo pia Barker Haines, tajiri mwenye kituo cha televisheni, aliyeigizwa na Robert Whitehead. Na mkewe Barker alikuwa Cherel.

Aliyemwigiza Cherel ni Michelle Botes. Jina hilo sikulijua kwa miaka mingi, na nadhani watu wengi wa mtaani kwetu hawakulijua. Tulimjua Cherel tu: mwongo, mpanga njama, muuaji. Waovu wa maigizo tuliyozoea walikodoa macho na kupaza sauti ili hata aliyeketi nyuma kabisa ajue kwamba huyu ni mbaya. Michelle Botes alifanya kinyume chake. Alishusha sauti. Alimsikiliza mwenzake mpaka mwisho, kichwa kimeinama kidogo, halafu akatabasamu, na tabasamu likichelewa kuondoka usoni, Bibi alikuwa ameshaanza kusonya. Kumfanya mwanamke wa Kirumba asiyejua neno la Kiingereza amchukie mtu aliye Johannesburg kwa tabasamu tu, hiyo ni kazi kubwa, na ninaiheshimu mpaka leo.

Bibi alijua Kisukuma na Kiswahili cha sokoni. Shangazi, aliyemaliza kidato cha nne, ndiye aliyemtafsiria sikioni, sentensi kwa sentensi, kwa Kisukuma. Kwa hiyo Isidingo aliyoiona Bibi ilitoka kinywani mwa shangazi.

Na shangazi hakupatana na wifi yake, yaani mama mdogo. Sababu zilikuwa zile za mawifi wanaoishi chini ya bati moja: nani kamaliza mafuta, nani kaacha sufuria bila kuosha, mtoto wa nani kapewa kichwa cha sato. Mama mdogo alikuwa mtu wa kazi. Alinunua dagaa Mwaloni na kuwaanika, akawauza kwa wafanyabiashara wa magunia. Biashara hiyo inafuata mwezi. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, wakati ule kwa taa za karabai, na mbalamwezi ikiwa kubwa mitumbwi hupumzika. Katika siku za mbalamwezi mtaji wa mama mdogo ulitunzwa na Bibi, umefungwa kwenye pindo la kitenge cha zamani ndani ya sanduku la bati.

Ikaja mbalamwezi moja TV ikafa. Sauti ipo, picha hakuna. Kwa siku kadhaa tuliketi tukiisikiliza Isidingo kama redio, shangazi akitafsiri gizani, mpaka baba mdogo akaifunga TV kwenye baiskeli na kuipeleka kwa fundi huko Makoroboi. Ikarudi inaonyesha vizuri kuliko mwanzo. Hakuna aliyeuliza fundi kalipwa nini. Tulikuwa na furaha mno.

Giza liliporudi, mama mdogo akaenda kwa Bibi kuomba mtaji wake. Sanduku likafunguliwa, kitenge kikafunuliwa, pindo ni tupu.

Nilikuwapo siku zilizofuata, na sijapata kuona nyumba ikigeuka upesi vile. Aliyekuwa ameibiwa ndiye aliyeanza kutazamwa. Kwa nini? Kwa sababu kwa wiki nyingi shangazi alikuwa akimwekea Cherel maneno mdomoni. Cherel akizungumza na Barker mambo ya kampuni, Bibi aliambiwa: anasema atamaliza mali ya mama mkwe wake kidogo kidogo, kisha ajifanye kaibiwa. Cherel akimimina kinywaji, Bibi aliambiwa kuna dawa. Bibi alikuwa ameshafundishwa mwizi wa nyumbani anafananaje: mpole, msikivu, anayeketi nyuma. Jioni moja akamgeukia mkwewe mbele yetu sote, akasema, "Wewe ndiye Cherel wa nyumba hii."

Mama mdogo hakujibu. Aliinamisha kichwa, akatoka kwenda kugeuza ugali. Asubuhi alimbeba mdogo wetu mgongoni, akavuka na kivuko cha Kamanga kwenda kwao Sengerema.

Baba mdogo alivumilia siku chache. Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mwoga wa mama yake. Mwishowe alipiga magoti sebuleni, TV ikiwaka nyuma yake, akasema fedha alizichukua yeye na kumlipa fundi. Alitaka kuzirudisha kabla ya giza, akashindwa. Mtaji wa dagaa ndio uliomrudisha Cherel kwenye kioo.

Bibi alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akamwambia shangazi avae. Wakavuka wote wawili, Bibi na doti ya khanga mpya na sukari kwenye kikapu, safari ambayo mama mkwe wa zamani hakuzoea kuifanya. Huko Sengerema, mbele ya wazazi wa mama mdogo, Bibi aliomba radhi kwa maneno machache. Na hapo ndipo mama mdogo aliposema jambo alilokuwa amelibeba siku zote. Aliishia kidato cha pili, lakini Kiingereza cha Isidingo alikielewa.

"Mama, Cherel hakuwahi kusema hayo."

Alikuwa ameketi nyuma, jioni baada ya jioni, akiyasikia maneno aliyokuwa akivishwa kupitia mwanamke wa kwenye kioo, akanyamaza kwa heshima ya mkwe. Nikiwaza uvumilivu huo kifua kinanibana. Shangazi alilia pale pale, akaomba radhi yeye pia.

Waliporudi, Bibi alibadilisha viti. Mama mdogo akahamia kwenye mkeka, karibu na goti, akawa yeye anayetafsiri. Ndipo Bibi alipoanza kumwona Cherel mwingine. Akaanza kusema huyu mwanamke anaogopa, mtazame mikono yake. Akataka kujua ameumizwa na nani. Hakumsamehe mauaji, lakini alitaka kumjua. Hiyo ndiyo kazi aliyokuwa akiifanya Michelle Botes tangu mwanzo, na nyumba yetu ilichelewa kuipata. Alipoondoka kwenye tamthilia hiyo kwa miaka kadhaa Bibi aliona pengo, na habari kwamba amerudi ilipita mtaani kama habari ya harusi.

Bibi alifariki kabla Isidingo haijafika mwisho, Machi 12, 2020. Mwaka huo huo Michelle Botes alionekana katika Legacy, tamthilia ya M-Net. Alifariki Desemba 21, 2024, akiwa na umri wa miaka 62, baada ya kuugua saratani. Nilisoma habari hizo kwenye simu na kumpigia shangazi. Naye akampigia wifi yake. Nilihesabu nikagundua kwamba alipoanza kuwa Cherel alikuwa na miaka thelathini na kitu, rika la mawifi wale wawili walipokuwa wakigombania sufuria.

Sikukuu ile walikutana kwetu. Nikawatafutia kwenye simu kipande cha zamani, Cherel akiongea na Barker. Walikitazama vichwa vimegusana, shangazi akaanza kunieleza Cherel anasema nini, na mama mdogo akamkatiza: "Wifi, acha, leo nasema mimi."