Ngoma Iliyovaa Tai

Ngoma ya Waluguru ikirindima Mlali usiku, hawakosekani waungwana wa kulalamika kwamba ni kelele zinazojirudia. Basi wamsikilize mtunzi Mganda Justinian Tamusuza, ambaye sehemu ya kwanza ya utunzi wake Mu Kkubo Ery'Omusaalaba ilirekodiwa na Kronos Quartet ya Marekani katika albamu ya 1992, Pieces of Africa: fidla mbili, viola na selo zikipokezana mapigo ya Kiganda, zikirudia yale yale kwa makusudi. Hapo mwungwana hutulia tuli; akikohoa, huomba radhi. Atajitetea kwamba Tamusuza ameandika noti. Kweli, na kazi hiyo si ndogo. Lakini mapigo hayo yalikuwa muziki kabla ya karatasi. Au masikio ya mwungwana huyu husoma kwanza, ndipo yasikie?