Baraza ya Mama Mkwe

Nyumba ya wakwe zangu iko Tanga, jirani na bahari, na baraza yake ya ghorofani ni mvule mtupu: sakafu, nguzo, mpaka kingo zilizochongwa. Baba mkwe, Mungu amrehemu, aliijenga kwa mikono yake. Mama mkwe ndipo anaposhinda, kuanzia alasiri mpaka adhana ya magharibi.

Mchwa huushindwa mvule, na wenyewe hauozi upesi. Jua ndilo lisilokubali kushindwa. Linaunguza nyuzi za juu, nyuzi zinalegea, mvua inazisomba, na mbao iliyokuwa hudhurungi inapauka ikawa kijivu. Ilipokaribia harusi ya wifi yangu wa mwisho, mama akasema hapokei wageni juu ya mbao zilizopauka namna ile. Tukaita mafundi.

Mkubwa wao alikuja na simu iliyojaa picha za milango inayong'aa. Akazunguka baraza, akagonga nguzo kwa kidole, akasema, "Mama, kazi ndogo hii. Tunaipiga mafuta, tunaipiga vanishi, wageni watajitazama humo." Mume wangu akamuuliza habari ya vanishi ya zamani iliyokuwa bado imeng'ang'ania kwenye kingo. "Hiyo inafunikwa tu, kaka." Alitaka pesa zote mkononi kwa madai kwamba vifaa vimepanda bei. Akapewa nusu.

Walifuta vumbi kwa tambara, wakapaka mafuta mabichi ya kitani, na kabla hayajakauka wakapiga vanishi juu yake. Mafuta hayo hayakauki kama maji yanavyokauka. Maji hupaa yakaisha. Mafuta ya kitani huvuta oksijeni ya hewani na kuganda polepole, na yakiwa mabichi huchukua siku nyingi, seuze katika unyevu wa pwani. Ukiyafunika kabla hayajaganda umeyanyima hewa, na vanishi nayo imekosa pa kushika. Lakini jioni ile baraza iling'aa, na mama alifurahi. Mafundi wakachukua nusu iliyobaki, wakaenda zao.

Usiku, shangazi wa mume wangu, aliyekuja mapema kwa ajili ya harusi, akasikia harufu ya kuungua. Chini ya ngazi mafundi walikuwa wameacha ndoo iliyoshindiliwa matambara waliyopakia mafuta, nayo inafuka moshi. Hapakuwa na kiberiti wala sigara. Mafuta yale yale ya kitani yanapoganda hutoa joto. Tambara likitandazwa, upepo hulipoza, lakini matambara yakishindiliwa pamoja joto hujilimbikiza mpaka yakawaka yenyewe. Mume wangu akaikimbiza ndoo uani, tukaimwagia maji. Ngazi ile ni ya mbao, na juu yake walikuwa wamelala watoto. Pesa zilizopotea nimekwisha kuzisamehe. Ndoo ile sijaisamehe, kwa sababu mtu anayekula kwa kazi ya mafuta ana wajibu wa kujua kwamba matambara yake hutandazwa nje yakauke, au hulowekwa majini.

Siku ya harusi sakafu ilikuwa ingali inanata. Mikeka ikashika, na kungwi wa bibi harusi alipoinuka, pindo la khanga yake lilibaki na sakafu. Mama akahamishia wageni uani, chini ya turubai, akawapokea kwa uso mkunjufu mpaka wa mwisho alipoaga. Halafu akapanda juu peke yake. Simu ya fundi ikawa inaita tu.

Masika ilipoanza, vanishi ilivimba malengelenge. Maji yakapenya nyuma yake, yakakosa pa kutokea, na ukungu mweusi ukatambaa chini ya ule mng'ao.

Aliyetutoa katika balaa hilo ni mzee mmoja aliyemaliza ujana wake akipaka mashua. Nilimwamkia, akaitikia, akaomba maji kikombeni. Akanyunyiza matone hapa na pale. Mahali tone lilipokaa juu bila kunywewa, akatia alama ya chaki. "Hapa pana vanishi ya watu, mwanangu. Haiwezi kubaki." Akakataa kuanza mpaka mvua ziishe na mbao zikauke ndani, si juu tu.

Sehemu kubwa ya kazi yake haikuwa na rangi hata kidogo. Alikwangua. Akaosha chumvi kwa maji ya bomba, akaacha pakauke, akapiga msasa namba 80 kisha 120, akifuata nyuzi za mbao. Vichwa vya mbao, ambako ndiko maji hunywewa zaidi, alivishibisha kwanza. Alianza asubuhi umande ukishakauka, na jua lilipofika upande mmoja alihamia kivulini, maana vanishi ikipigwa juani hukauka juu kabla ya chini. Kingo zilipata vanishi ya mashua, ile inayostahimili jua, mkono wa kwanza ukiwa umezimuliwa kwa thina ili upenye, na msasa mwepesi kati ya mkono na mkono. Sakafuni alikataa vanishi kabisa. "Panapokanyagwa pana mafuta yenye rangi, mama," alimwambia mama mkwe. "Hayabambuki. Yakififia unasafisha, unapaka tena." Safari hii vifaa tulinunua sisi, na ujira ukalipwa kwa hatua: baada ya kukwangua, baada ya mkono wa kwanza, na baada ya wa mwisho.

Mama amerudi barazani kwake, na tumekwisha kupita masika bila lengelenge hata moja.

Nawe mwenye mbao zinazotazama bahari, fundi akija usimuulize kwanza habari ya rangi. Muulize atakwangua kwa muda gani na matambara yake atayaweka wapi. Akikujibu kwamba hayo ni madogo, mshukuru kwa kuja, umsindikize mpaka getini, kisha utafute mwingine.