Mwongozo wa Kuhama Hurlingham Bila Kuondoka

Keti katika mkahawa wowote kati ya Yaya Centre na maduka ya Hurlingham, Nairobi, siku ya Jumamosi, na haitapita saa moja kabla ya kusikia habari ya mtu anayehama. Huyu anaelekea Toronto, yule amepata kazi Dubai, na mwingine anakwenda London kumfuata mke aliye muuguzi huko. Mazungumzo ya viza na nauli hunoga. Yakifika kwenye ushuru, sauti hushuka na wataalamu huzaliwa papo hapo. Shemeji wa fulani anasema ukikaa nje siku 183, Mamlaka ya Ushuru ya Kenya, KRA, haina lake nawe tena. Mwingine anasema dawa ni akaunti ya Jersey. Wa tatu anaapa kwamba ukishapata pasipoti ya pili umekwisha kuvuka.

Mwongozo huu ni wa wanaowaamini hao watatu. Unaeleza namna ya kuhama Kenya kabisa huku ukibaki mlipaushuru wake kama jana. Hatua zake ni rahisi, zimefuatwa na wengi, na hazijawahi kumwangusha mtu.

Anza na nyumba. Una fleti yako karibu na Argwings Kodhek Road. Usiiuze wala usiipangishe. Acha kitanda kimetandikwa, pazia zining'inie, sufuria zikae kabatini, na umlipe mtu aje kupangusa vumbi kila wiki. Ukiulizwa, sema ni ya kufikia Desemba. Kisha mwezi huo ufike, upande ndege, utue Jomo Kenyatta tarehe 20, ule Krismasi na wazazi, ukeshe mwaka mpya, urudi zako tarehe 5 Januari.

Hapo umefaulu. Sheria ya Ushuru wa Mapato, Sura ya 470, inasema mtu mwenye makao ya kudumu Kenya ni mkaazi wa kiushuru mwaka wowote ambao amekuwapo nchini kwa muda wowote ule. Hakuna siku 183 hapo, hata wiki haitajwi. Na kwa kuwa mwaka wa mapato wa Kenya huanza Januari 1 na kwisha Desemba 31, likizo yako moja imegusa miaka miwili. Umekula Krismasi moja ukapata ukaazi wa miaka miwili.

Zile siku 183 anazozihubiri shemeji zipo kweli, ila zinamhusu asiye na makao ya kudumu hapa. Huyo huwa mkaazi akifikisha siku 183 au zaidi ndani ya mwaka. Hata asipozifikisha, kuna mtego wa pili ambao mikahawani hautajwi kabisa: ukiwapo nchini mwaka huu na miaka miwili iliyoutangulia, na wastani wa siku zako ukazidi 122 kwa mwaka, wewe ni mkaazi. Chukua anayefanya kazi Kigali na kurudi Nairobi mara kwa mara. Mwaka wa kwanza amekaa siku 100, wa pili 120, wa tatu 150. Jumla ni 370. Gawanya kwa tatu upate 123 na ushee. Mwaka huo wa tatu ni mkaazi wa Kenya, ingawa hajawahi kuzikaribia 183.

Pasipoti haimo katika hesabu hii. Katiba ya 2010 iliruhusu uraia pacha, na ni jambo jema, lakini ukaazi wa kiushuru haumwulizi mtu rangi ya pasipoti yake. Unauliza makao yako yako wapi na siku zako umezikalia wapi.

Na kwa nini iwe neno? Kwa sababu mshahara wa mkaazi hutozwa ushuru Kenya hata ukilipwa kwa kazi iliyofanywa nje. Anayeumia zaidi ni yule wa Dubai. Falme za Kiarabu hazitozi mishahara ushuru wa mapato, kwa hiyo hana risiti ya ushuru wa huko ya kumwonyesha mtu, na kiwango cha juu cha Kenya tangu Julai 2023 ni asilimia 35. Aliyekwenda Uingereza ana nafuu ya mkataba wa kuzuia kutozwa mara mbili uliotiwa saini 1973. Lakini nchi mbili zinapomgombania mtu mmoja, swali la kwanza la mikataba ya aina hii huwa makao ya kudumu yako wapi, na la pili ni familia na mali zimelalia upande gani. Kitanda cha Hurlingham kinarudi mezani.

Hatua ya pili, kwa ambaye tayari ameipangisha nyumba yake, ni akaunti ya ng'ambo. Fungua moja Jersey au Isle of Man, umwambie mpangaji aitume kodi ya nyumba moja kwa moja huko. Pesa haikugusa benki ya Kenya, kwa hiyo, asema mtaalamu wa mkahawani, Kenya haina haki nayo.

Lakini ushuru wa pato la aina hii hufuata mahali lilipozaliwa. Kodi ya fleti iliyo Hurlingham imezaliwa Hurlingham, hata ukiipokea katika benki iliyo mwezini. Akaunti yenyewe si kosa. Kenya ilifuta Sheria ya Udhibiti wa Fedha za Kigeni mwaka 1995, na tangu hapo raia wa kawaida anaweza kuweka dola na pauni popote. Waliofungwa mikono ni maafisa wa serikali: Kifungu cha 76 cha Katiba kinawazuia kuwa na akaunti nje ila kwa mujibu wa sheria, na Sheria ya Uongozi na Maadili ya 2012 inataka kwanza idhini ya tume ya kupambana na ufisadi, EACC. Anayeivunja anaweza kufungwa hadi miaka mitano au kutozwa faini ya hadi shilingi milioni 5. Ningependa kuona kifungu hicho kikitumika mara nyingi kuliko kinavyotumika.

Kuhusu usiri, zama zake zimepita. Benki ya Jersey itakuuliza siku ya kwanza: wewe ni mkaazi wa kiushuru wa nchi gani, na namba yako ya ushuru ni ipi? Ukiandika Kenya, jina lako, salio na riba yako husafiri hadi kwa mamlaka ya ushuru ya huko, na kutoka hapo hadi KRA, chini ya utaratibu wa kimataifa wa kubadilishana taarifa za akaunti. Kenya iliuingiza katika sheria zake 2021, na kanuni zake zikatoka 2023. Ukiandika nchi nyingine ilhali unajua si kweli, umetia saini uongo ndani ya faili la benki, na faili hizo huwa na maisha marefu. Oktoba 2021, muungano wa wanahabari wachunguzi wa ICIJ ulipochapisha Nyaraka za Pandora, familia ya rais wa wakati huo, Uhuru Kenyatta, ilikuwa miongoni mwa waliotajwa kwa kampuni na wakfu za Panama na Visiwa vya Virgin vya Uingereza. Kutajwa si ushahidi wa kosa. Lakini ikiwa familia ya rais haikuweza kuficha jina lake huko, mwenye fleti moja ya vyumba vitatu anajificha kwa lipi?

Sasa kuna wanaoelekea Marekani, na hapa lazima nikawie, maana watu wetu wengi wanaumizwa na jambo hili bila kosa la nia. Ukishapata green card, mambo yanapinduka. Akaunti ya ng'ambo inakuwa ile ya tawi la Hurlingham, ile uliyoifungua ulipopata kazi yako ya kwanza, ambamo mama hutumiwa pesa za dawa. Serikali ya Marekani inataka uitaje kila mwaka katika taarifa iitwayo FBAR ikiwa jumla ya akaunti zako zote za nje ilipita dola 10,000 wakati wowote wa mwaka, hata kwa siku moja. Na kutaja si kwa pesa zako tu. Ukiwa mtiaji saini wa akaunti ya chama cha familia, ya mchango wa matanga au ya ploti mliyonunua ndugu sita, akaunti hiyo nayo imo, ingawa senti zako ndani yake ni chache. Mweka hazina wa chama anayeishi Dallas ana kazi ambayo waliomchagua hawakumweleza. Faini ya asiyekusudia inaweza kufika dola 10,000 na zaidi kwa kila taarifa iliyokosekana, na ilichukua uamuzi wa Mahakama ya Juu ya Marekani, 2023, katika kesi ya Bittner, kuthibitisha kwamba huhesabiwa kwa taarifa ya mwaka na si kwa kila akaunti. Kujaza hakuna malipo, na kujaza pekee hakuleti ushuru. Jaza.

Hatua ya tatu, inayopendwa kuliko zote, ni kujitangaza kwamba umehama bila kupiga hesabu. Fleti yako inaleta shilingi 150,000 kwa mwezi, yaani milioni 1.8 kwa mwaka. Ukiwa mkaazi, ushuru wa kodi ya nyumba za kuishi ni asilimia 7.5 ya mapato yote tangu Januari 2024, ambayo ni shilingi 135,000. Ukiwa si mkaazi, kiwango ni asilimia 30, na anayekulipa anatakiwa kukikata kabla ya pesa kukufikia: shilingi 540,000. Wapo waliokimbia ukaazi wa Kenya usiku na mchana, wakaupata huo uhuru, wakagundua kwamba pato pekee walilobaki nalo Kenya ndilo linalotozwa mara nne zaidi.

Ukitaka kuongeza hasara, chelewa kuuza. Nyumba ambayo mwenyewe ameishi mfululizo miaka mitatu hadi siku ya kuiuza haitozwi ushuru wa faida ya mtaji. Ondoka, ipangishe miaka minne, ndipo uuze: utalipa asilimia 15 ya faida, kiwango kilichopandishwa kutoka asilimia 5 mnamo Januari 2023. Faida ya milioni 8 inakutoa milioni 1.2. Pengine kodi ya nyumba itafidia, pengine haitafidia. Hesabu hiyo hupigwa kabla ya kukata tikiti.

Nawaelewa wanaotaka kukimbia. Nilikuwa Nairobi Juni 2024, vijana walipojaa barabarani kuupinga Mswada wa Fedha hadi rais akakataa kuutia saini. Hasira ya kuona ushuru ukiliwa na wezi ni ya haki, nami ninayo. Lakini anayeziba pengo la kodi iliyofichwa Jersey ni bawabu wa hiyo hiyo fleti. Yeye hana wakala wala mshauri. Asilimia 2.75 ya afya na 1.5 ya nyumba hukatwa kabla hajauona mshahara, na kila anunuapo sabuni amelipa VAT ya asilimia 16. Mwenye nyumba akikwepa, mzigo huteremka hadi kwenye kibanda cha getini.

Anayetaka kuhama kwa kweli, basi ahame. Auze nyumba, au aipangishe kwa mkataba wa muda mrefu na aache kuiita makao yake. Ahifadhi tikiti, mihuri ya pasipoti na mkataba wa nyumba ya huko, na aombe cheti cha ukaazi wa kiushuru kutoka nchi mpya. Awaandikie KRA kuwaarifu, na asiitupe PIN, namba yake ya ushuru, kwa sababu ataihitaji siku ya kuuza au kurithi. Iwapo bado ana pato la Kenya, alitangaze kila mwaka, na kabla ya kuondoka amlipe mshauri wa ushuru mwenye leseni kwa saa moja. Ni nafuu kuliko shemeji. Siku ya mwisho ya kuwasilisha taarifa ya mapato ni Juni 30, na mtu binafsi akichelewa hutozwa shilingi 2,000 au asilimia 5 ya ushuru anaodaiwa, kutegemea kipi ni kikubwa.