Siku ya Saa Ishirini na Sita

Mtu akishapita umri wa miaka hamsini, akawa anaitafuta nyumba nzima miwani iliyo usoni mwake, hujiwa na azma za ajabu. Nami nilijiwa na azma ya kujifunza kuandika programu za kompyuta. Wapo walioninasihi niketi tu mbele ya mashine nianze, lakini kwa kuwa nililelewa katika itikadi ya kwamba jambo lisilo na mpango halina baraka, nilinunua daftari la kurasa 200, rula, na kalamu za rangi tatu, nikaanza kutunga ratiba: buluu kwa kusoma, nyekundu kwa mazoezi, na kijani kwa kudurusu yale ambayo hata sijayasoma.

Lugha niliyoichagua ni Python. Aliyeiasisi, Mholanzi Guido van Rossum, aliianza wakati wa Krismasi ya mwaka 1989 ili apate la kumshughulisha katika mapumziko, akaitoa hadharani mwaka 1991, na jina lake hakulitoa kwa chatu wa porini bali kwa kundi la wachekeshaji wa Uingereza. Basi yeye katika likizo alianza kuiunda lugha nzima. Mimi kwa siku arubaini nilikuwa nikiipigia mistari ratiba ya kujifunza hiyo lugha, na mistari yenyewe ikapinda.

Siku ya arubaini na moja mpwa wangu alikuja kutuamkia. Akaitazama ratiba niliyoibandika ukutani, akauliza kwa adabu, "Mjomba, umekwisha andika mistari mingapi?"

"Ya ratiba?" nikamjibu.

Hakunena neno, akaifungua kompyuta, akanisogezea kiti.

Nikakusudia kutunga programu ndogo ya kugeuza saa zetu ziwe za kizungu, jambo ambalo kila mtoto wa Pwani hulifanya kwa kuongeza sita bila kutafakari. Nikaiamrisha mashine iniulize saa, kisha iongeze 6. Ikagoma, ikalalamika kwamba maandishi hayachanganyiki na namba. Kwani kila apigacho mtu kwenye kibodi hukipokea kuwa maandishi, hata kikiwa tarakimu. Mimi, kwa kupenda suluhu, niliizungushia ile 6 alama za nukuu ili nayo iwe maandishi kama mwenziwe. Malalamiko yakakoma papo hapo, nami kwa fahari nikamwita mke wangu aje ashuhudie.

"Saa mbili asubuhi," akasema.

Nikapiga 2. Na kwa kuwa maandishi hayajumlishwi bali huunganishwa, mashine ikajibu bila haya: 26.

Mke wangu akalitazama jibu, akaitazama na ratiba ukutani. "Bwana," akasema kwa upole, "siku yenye saa ishirini na sita ndiyo itakayokutosha wewe na ratiba yako."

Mpwa wangu, aliyekuwa akikificha kicheko ndani ya kikombe cha kahawa, alinionyesha neno fupi, int, ligeuzalo maandishi kuwa namba. Nikaliweka, nikaivua 6 alama zake, na saa mbili ikawa 8.

Ratiba tumeibandua, na karatasi yake imefungia karanga. Programu ingali na ila moja: saa mbili usiku nayo huiita 8, ilhali yapasa iwe 20. Hiyo nitaitengeneza leo baada ya sala ya Isha, wala sitaitungia mpango.